Mume wangu anataka Mississippi yote kwa siku tisa

Habari za kazi.

Tunaishi Saint Paul, Minnesota. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mimi na baba watoto tumepata likizo pamoja: siku tisa katikati ya Julai, kuanzia Jumamosi hadi Jumapili ya wiki inayofuata. Mama mkwe yuko kwetu kutoka Mwanza, na hatutaki akae sebuleni na televisheni mpaka tarehe ya ndege. Tumekubaliana kusafiri kwa gari kufuata mto Mississippi. Tunachobishania ni urefu wa safari.

Baba watoto amekwisha kuchora ramani. Siku ya kwanza twende kaskazini hadi ziwa Itasca mto unakoanzia, halafu tushuke nao mpaka New Orleans, tugeuze turudi. Anasema ukiuanza mto sharti uumalize. Mimi nina watoto wa miaka 13, 9 na 4. Huyu mdogo hutapika barabara ikiwa na kona. Mama mkwe magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Gari ni minivan ya viti saba, imeshatembea maili 96,000. Bajeti yetu ni dola 3,500 kwa kila kitu. Mkubwa amejiapiza kuogelea mtoni.

Je, mpango huu unawezekana? Tulale wapi, tubebe nini, gari tulikague vipi? Na kama hauwezekani, nimwambieje bila kuonekana nampinga mbele ya mama yake?

Mama Watatu

*

Mama Watatu, mfikishie mama shikamoo yetu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upande. Saint Paul hadi Itasca ni kama maili 220, na kurudi ni hizo hizo. Kutoka kwenu hadi New Orleans, hata kwa barabara kuu zilizonyooka, ni zaidi ya maili 1,200 kwenda na 1,200 nyingine kurudi. Hapo mko karibu na maili 2,900 kabla hamjafuata kona hata moja ya mto. Zigawanye kwa siku tisa: maili 320 kila siku, bila siku ya kupumzika. Na barabara ya kando ya mto haina mbio. Inapita vijiji ambako kibao kinakushusha kutoka maili 55 hadi 30 au 25, kwa hiyo wastani wake halisi ni kama maili 40 kwa saa. Kila siku ya kushuka itakuwa na saa nane au zaidi za usukani, na mtoto anayetapika kiti cha nyuma. Kufika mtafika, lakini kuona hamtaona.

Ipo sababu ya pili, na hiyo ndiyo tungempa baba watoto kwanza, kwa sababu haimwambii kwamba amekosea hesabu. Mississippi si mto mmoja machoni pa dereva. Kuanzia maeneo ya Cape Girardeau, Missouri, kushuka kusini, mto umewekewa matuta makubwa ya udongo ya kuzuia mafuriko. Gharika ya 1927 iliyabomoa ya zamani, na sheria ya 1928 ikaleta mfumo mpya wa matuta marefu na mapana zaidi. Barabara inapita nyuma ya tuta, pengine maili kadhaa kutoka majini. Unaweza kuendesha nusu siku kule Delta, tambarare za mashamba kusini mwa Memphis, ukaona pamba, soya na mahindi mpaka macho yachoke, na tone la mto usilione. Kule watu huenda kwa ajili ya miji, muziki na historia. Mto wenyewe wanauona wakivuka daraja.

Juu ya Saint Louis mambo ni kinyume. Huko mto umezibwa kwa mabwawa mengi, mengi yao ya miaka ya 1930, ukawa kama ngazi ya maziwa yaliyopangana, na barabara imebanwa kati ya majabali na maji. Mnaendesha huku mto uko hapo dirishani, saa baada ya saa. Kwa familia yenye siku tisa na bibi mwenye magoti mabovu, sehemu ya kwenda mwezi wa Julai ni hiyo: Saint Paul hadi Saint Louis, mrudi nyumbani kwa barabara ya haraka.

Sasa namna ya kumwambia. Usiseme mmeupunguza mto. Sema mmeugawa vipande vitatu. Njia rasmi ya kufuata mto, Great River Road, ilianzishwa 1938 na inapita majimbo kumi. Hakuna anayedai lazima uimalize kwa pumzi moja. Itasca iko saa nne kutoka mlangoni kwenu, hivyo ni safari ya wikiendi, Ijumaa jioni hadi Jumapili, hata mwezi Agosti. Memphis hadi New Orleans ingojee Oktoba au Machi, joto la Delta likiwa limelegea. Mweleze mkiwa wawili, kabla mama hajaoneshwa ramani, kisha yeye mwenyewe ndiye aitangaze mezani kama mpango wake wa awamu tatu. Hakuna atakayeona kilichobadilika.

Kuhusu hiyo wikiendi ya Itasca, maneno machache tu. Ni hifadhi ya jimbo tangu 1891, na gari hulipiwa kibali cha kuingia. Mto unatoka ziwani juu ya mstari wa mawe, mwembamba kiasi kwamba huyo wa miaka minne ataushika mkono wa baba yake na kuuvuka kwa miguu. Mawe yanateleza sana: viatu vyenye kamba, si kandambili. Inasemekana tone la maji linaloondoka pale huchukua siku kama 90 kufika Ghuba ya Meksiko. Baba watoto akitaka kusema ameuanza mto, atakuwa ameuanza.

Turudi kwenye Julai. Toka nyumbani saa mbili asubuhi Jumamosi, pita Hastings, vukeni kuingia Prescott, Wisconsin, kisha shikeni barabara ya 35 kwenda kusini. Msishuke kwa upande wa Minnesota. Sababu ni ndogo lakini inabadilisha siku nzima: ukielekea kusini upande wa Wisconsin, mto uko kulia kwako. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo kila sehemu ya kuegesha yenye mandhari iko upande wenu. Mnaingia na kutoka bila kukata msafara wa magari yanayokuja. Upande wa Minnesota mto uko kushoto, na kila mkitaka kusimama mnasubiri mwanya.

Kwa hiyo kiti cha mbele kulia ni cha mama mkwe. Magoti yake yatapata nafasi, na mto utakuwa dirishani kwake. (Ndiyo, wewe unampisha. Utavuna kwa hilo.) Mtoto wa minne akae safu ya pili, sehemu anayoweza kuona barabara mbele, maana kutapika garini huja pale jicho likisema tumekaa na sikio likisema tunakwenda. Asipewe simu wala kitabu kwenye kona. Apate kitu kikavu tumboni kabla ya safari, biskuti za chumvi au chapati kavu, si maziwa wala juisi. Wakubwa wawili wakae safu ya tatu, maana ndio wenye miguu ya kuruka.

Baada ya Prescott mnafika ziwa Pepin, ambalo ni mto huo huo uliopanuka: mto Chippewa unamwaga mchanga mwingi hapo chini mpaka Mississippi inajaa nyuma yake kama maji nyuma ya tuta la mpunga. Ng'ambo ya ziwa ni Lake City, ambako mwaka 1922 kijana Ralph Samuelson alijaribu kwa mara ya kwanza kuteleza juu ya maji akivutwa na boti. Mkifika Nelson, vukeni daraja kwenda Wabasha mara moja. Kuna kituo cha tai wenye kichwa cheupe, waliojeruhiwa wasiweze kurudi porini, na unawaona kwa karibu hasa. Hakuna kupanda. Kisha rudini ng'ambo, endeleeni kusini hadi Alma.

Alma ndipo mtulie, hata saa mbili. Katikati ya mji pana jukwaa la kutazamia loki namba 4, yaani chumba kirefu cha zege chenye milango mikubwa pande mbili, kinachopandisha na kushusha vyombo kutoka kiwango kimoja cha maji hadi kingine. Subirini msafara wa matishari. Kawaida ni matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yamefungwa kwa nyaya na kusukumwa kutoka nyuma na boti moja. Kila tishari lina futi 35 kwa 195. Mpe wa miaka 13 kalamu: matatu kwa upana ni futi 105, na loki ina upana wa futi 110. Nahodha anaingiza ghorofa lililolala, amebakiwa na futi mbili na nusu kila upande. Urefu ndio unaokataa: matano ni futi 975 bila boti, na loki ina futi 600. Basi wanaukata msafara. Tisa ya mbele yanaingia peke yake, yanashushwa, yanavutwa nje. Maji yanajazwa tena. Sita ya nyuma na boti yanafuata. Halafu mabaharia wanaunganisha upya kwa nyaya na vikazio. Inachukua saa moja na nusu hadi mbili. Watoto wanaochoka na makumbusho kwa dakika kumi hukaa hapa bila kuomba simu. Alhamisi mtaona mfano wake mwingine huko Alton, ambako loki kuu ina futi 1,200 na msafara wote unaingia kwa mkupuo. Hapo mkubwa ataelewa mwenyewe kwa nini wakulima wanalalamikia loki fupi za juu.

Laleni La Crosse usiku mbili. Kanuni yetu kwa familia kubwa: usiku mbili kila kituo inapowezekana, kwa sababu kila kuhama kunakula saa moja na nusu ya kufunga mabegi, kutafuta kiatu kimoja na kurudi kuchukua chaja. Jumapili pandeni Grandad Bluff, jabali la futi 600 juu ya mji. Gari linafika hadi juu na mama hatapanda chochote. Mchana ni wa kuogelea, na hapo tuna neno na huyo mkubwa wako.

Asiogelee kwenye mkondo mkuu. Si suala la kujua kuogelea. Chini ya maji, kutoka kingo kuelekea katikati, kuna kuta za mawe zilizojengwa kusukuma maji kwenye njia ya meli. Huzioni. Maji yanazunguka nyuma yake na kuchimba mashimo, kwa hiyo mtu anatembea kwenye maji ya kiunoni na hatua inayofuata haina chini. Mchanga wa visiwa nao huporomoka ukingoni bila ishara. Na msafara wa matishari hausimami kwa sababu nahodha ameona kichwa cha mtoto; unahitaji umbali mrefu mno. Ufukwe wenye maboya ya mipaka, uliotengwa na manispaa au hifadhi, ndiyo ruhusa yake. Mkipanda boti ya kukodi, sheria ya shirikisho inamtaka kila mtoto chini ya miaka 13 avae jaketi la kuokolea boti ikiwa inatembea. Wa miaka 13 naye avae, msibishane naye kwa miezi.

Jumatatu endeleeni na 35 hadi Prairie du Chien, mvuke kuingia Iowa. Pale Effigy Mounds kuna vilima zaidi ya 200 vilivyojengwa na wenyeji wa kale, vingine kwa umbo la dubu na ndege, na kuingia ni bure. Njia ya kwenda Fire Point ni maili mbili kwenda na kurudi, na mwanzo wake ni mwinuko mkali. Baba watoto aende na wakubwa wawili. Wewe, mama na mdogo mbaki kituo cha wageni, kisha wote mkutane kwenye mandhari ya Pikes Peak, karibu na McGregor, ambako mto Wisconsin unaingia Mississippi chini ya miguu yenu na matembezi kutoka maegesho ni mafupi. Mkitoka msituni, kagueni kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Wapo wadogo kama mbegu ya ufuta, na katika majimbo haya hubeba ugonjwa wa Lyme. Dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET asilimia 20 hadi 30 inatosha. Kubwa zaidi huongeza muda tu, si nguvu.

Dubuque usiku mbili, Jumatatu na Jumanne. Makumbusho ya mto yenye matangi ya samaki yanamaliza nusu siku, na yana kiyoyozi. Jioni pandeni kigari cha kamba cha Fenelon Place, njia ya futi 296 inayopanda futi 189. Bebeni noti ndogo.

Jumatano ndiyo siku nzito: Dubuque hadi Hannibal, Missouri, kama maili 240. Hapa tunakataa mapenzi ya kitabu cha watalii. Msifuate kila kibao cha usukani wa kijani, ile alama ya Great River Road. Sehemu kubwa ya siku hiyo shikeni US 61 ya njia nne, msimame Davenport kwa chakula na Keokuk kunyoosha miguu, mfike jioni. Laleni Hannibal usiku mmoja. Alhamisi asubuhi ingieni pango la Mark Twain mapema. Ndani ni nyuzi 52 za Farenhaiti mwaka mzima wakati nje ni 90, kwa hiyo sweta zisiwe chini ya mabegi yote. Ziara ni kama saa moja, na njia yake ni tambarare.

Kutoka Hannibal kwenda kusini, ramani itawaonesha barabara ya 79 kando ya mto. Ni nzuri kweli, na ni kona tupu za mlimani. Kwa ajili ya mdogo wenu iacheni, chukueni 61. Kipande msichokosa ni Grafton hadi Alton upande wa Illinois: maili 15 hivi, majabali meupe kushoto, maji kulia, barabara pana bila kona za kutapisha. Alton mtaona ile loki kubwa na makumbusho yake ya bure. Saint Louis iko nusu saa mbele.

Saint Louis usiku mbili. Tao la Gateway, futi 630, lilikamilika 1965. Kupanda juu ni kwa vigari vidogo vya watu watano, mlango wake una futi nne, na safari nzima ina ngazi karibu mia moja za kupanda kwa miguu. Mama asipande. Makumbusho yaliyo chini ya tao ni ya bure na yana viti. Tiketi za juu za Julai huisha, hivyo nunueni mtandaoni wiki kadhaa kabla, saa za asubuhi. Jioni vukeni Illinois kwenda Cahokia, mji wa kale ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 1982. Kilima chake kikuu kina kama futi 100 na jua likishuka watoto hupanda mbio.

Jumamosi rudini kwa ile njia iitwayo Avenue of the Saints, inayounganisha Saint Louis na Saint Paul kupitia Iowa. Ni kama maili 555. Laleni Cedar Rapids, iliyo karibu katikati.

Pesa. Safari yote ni maili 1,300 hivi. Minivan ikienda maili 22 kwa galoni, ni galoni 59, weka 65. Hata galoni ikiwa dola 4, ni dola 260. Malazi ndiyo yanayokula: chumba cha kawaida cha hoteli hakipokei zaidi ya watu wanne, nanyi ni sita. Tafuteni suti yenye vitanda viwili vikubwa, sofa ya kulalia na jiko dogo, ya ghorofa ya chini au yenye lifti. Dola 1,700 kwa usiku nane ni kama 212 kwa usiku. Chakula dola 80 kwa siku ni 720. Viingilio 400. Jumla 3,080. Zinazobaki 420 ni za tairi, daktari au usiku wa ziada, si za zawadi. Ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa msinunue kwa ajili ya safari hii. Kwenye njia yenu hakuna viingilio vya kuirudisha. Ulizeni kitu kimoja kabla ya kulipia hoteli yoyote: reli iko umbali gani? Treni za mizigo zinapita kingo zote mbili za mto usiku kucha, na kila njia panda wanapiga honi.

Gari. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Kina namba mbili mnazozihitaji. Ya kwanza ni presha ya tairi. Fuata hiyo, si ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo tu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, maana presha hupanda karibu pauni moja kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti. Ukipima mchana na kupunguza, kesho yake unaendesha na tairi laini, na tairi laini kwenye lami ya Julai ikiwa na mzigo ndiyo inayopasuka. Ya pili ni uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Jumlisheni uzito wenu sita kwa mizani ya nyumbani, toeni kwenye namba hiyo. Kinachobaki ndiyo mizigo, pamoja na maji, boksi la barafu na sanduku la juu ya paa. Familia nyingi zinapita kikomo hapo bila kujua. Chukueni mabegi laini, moja kwa mtu. Masanduku magumu hayaingii nyuma ya safu ya tatu.

Tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye tairi: 2219 ni wiki ya 22 ya 2019. Zilizopita miaka sita fundi azikague, zilizofika kumi zitolewe hata kama hazijawa kipara. Kisha fungua nyuma uone kama mna spea. Minivan nyingi hazina. Zina chupa ya gundi na pampu tu, na gundi haizibi tairi iliyopasuka ubavuni. Ikiwa hamna, hakikisheni bima au uanachama wenu una huduma ya kuvutwa. Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi, pedi za breki na betri zipimwe wiki mbili kabla, si siku moja, ili fundi apate muda wa kuagiza kifaa. Kiti cha mdogo kikazwe. Wa miaka 9 akae kwenye kiti cha kuinulia kama hajafika inchi 57. Sheria zinatofautiana jimbo hadi jimbo, fuateni iliyo kali zaidi.

Chakula. Maboksi mawili ya barafu: la vinywaji, linalofunguliwa kila nusu saa, na la chakula, linalofunguliwa mara mbili kwa siku. Mkiyachanganya, nyama yenu inalipa kiu ya watoto. Gandisheni chupa za maji usiku. Ni barafu leo na maji ya kunywa kesho. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda na karanga vinasafiri vizuri. Pilau lililopikwa usiku lisikae garini. Chakula kilichopikwa kina saa mbili nje ya baridi, na joto likipita nyuzi 90 ni saa moja tu. Mtoto naye, wala mama, asiachwe kwenye gari lililozimwa hata mkiingia kulipia mafuta. Ndani hupanda kama nyuzi 20 kwa dakika kumi.

Simu itajaribu kuwarudisha barabara kuu kila mara, kwa sababu inatafuta dakika. Wekeni vijiji kama vituo vya katikati, Pepin, Alma, Genoa, badala ya kuandika La Crosse au Dubuque pekee, na mpakue ramani kabla, maana chini ya majabali mtandao hukatika. Kwa hali ya hewa jifunzeni maneno mawili: "watch" ni kwamba hali inaruhusu tufani, endeleeni mkitazama, "warning" ni kwamba imeonekana, ingieni jengo imara sasa. Redio hutaja kaunti, si mji. Kila mnapolala, mwulizeni wa mapokezi mko kaunti gani, mwandike kwenye kioo cha bafuni.

Na mama asishtuke usiku mmoja La Crosse akiona wingu la wadudu wakivamia taa za darajani. Wanatoka mtoni kiangazi kwa wingi mpaka huonekana kwenye rada ya hali ya hewa, wanaishi siku moja hivi, hawaumi. Mtu wa Mwanza amekwisha kuona mawingu ya wadudu wakiinuka ziwani. Egesheni mbali na taa, na darajani punguzeni mwendo: wakikanyagwa wanateleza kama matope.